Fundi Anajibu: Zote ni Deb, Mbona Hii Inagoma?

Mwezi huu barua zimekuja na kilio kimoja tu, nimesoma mpaka nikawa nazijua kabla sijafungua: fundi, nimedaunlodi deb, lile faili la kuinstolia programu, distro yangu, yaani aina yangu ya Linux, inakula deb, mbona hii inaitema? Basi wenye printa na waifai mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao, leo ni ukoo wa Debian na majirani zake.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Mwanza, kompyuta mbili, zote Debian 11, mwanangu aliniwekea kabla hajaenda chuo. Juzi nimenunua skana, programu yake ni deb imeandikwa Ubuntu 22.04, nikasema si ndo mulemule. Kupiga dpkg -i ikaniambia uses unknown compression for member 'control.tar.zst', giving up. Nikajua faili limekatikia njiani, nikadaunlodi tena, MB 180 mara mbili kwa bando langu, jibu lilelile. Ubuntu si mtoto wa Debian? Au nimeuziwa skana mbovu?
Mama wa Steshenari, Mwanza

JIBU: Shikamoo mama, na pole na bando. Skana nzima na faili zima. Iko hivi: deb ni boksi tu, ukilifungua kwa amri ya ar x unakuta vitu vitatu, debian-binary ambayo ni kamstari kamoja ka kusema hili ni boksi la aina gani, control ambayo ndo karatasi ya mzigo, na data ambayo ndo mzigo wenyewe. Hivyo viwili vya mwisho vinabanwa viwe vidogo, na kuanzia Ubuntu 21.10 wenzetu walihamia kubana kwa zstd, ndo hiyo zst unayoiona pale. Dpkg, ile programu inayoinstoli deb, ya Debian 11 haijui kufungua zstd, ya Debian 12 iliyotoka Juni 2023 inajua. Kwa hiyo programu yako haijakataliwa, hata haijaonwa, imeishia mlangoni.

Utapata watu watakwambia fungua boksi kwa mkono, toa zst, bana upya kwa xz ambayo Debian 11 inaijua, funga. Inawezekana kweli, dakika tano tu. Ila ukishalifungua soma kwanza hiyo karatasi ya mzigo, tafuta mstari unaoanza na Depends. Nina hakika karibu yote utakuta inadai libc6 kuanzia 2.34, na Debian 11 ina 2.31. Utakuwa umefungua mlango, mzigo bado hauingii.

Na hapa nataka tukae kidogo maana barua nusu nzima za mwezi huu zimelala hapa. Libc ndo laibrari, fungu la kazi zilizoandikwa tayari, ambayo karibu kila programu inapitia kuongea na kernel, kiini cha mfumo, hata ls ya kutazama faili inapita hapohapo. Ndani yake kila kazi ina muhuri wa toleo ilipoingia au ilipobadilishwa, na programu ikikompailiwa, yaani maandishi ya mwandishi yakigeuzwa lugha ya mashine, inabeba mihuri ya mashine iliyoikompaili. Sasa toleo la 2.34, la mwaka 2021, lilibadilisha muhuri wa ile kazi inayowasha programu yoyote, inaitwa __libc_start_main, matokeo yake hata kaprogramu ka mistari mitatu ka kuandika "habari" ukikakompaili kwenye Ubuntu 22.04 kanadai GLIBC_2.34. Hakatumii chochote kipya, kamezaliwa tu kwenye nyumba mpya. Kinyume chake hakuna shida, kilichokompailiwa kwenye libc ya zamani kikienda kwenye mpya kinapiga kazi, wale jamaa wa glibc, ndo hiyo libc ya Linux, wanatunza mihuri ya zamani kweli kweli, hapo lazima niwape heshima yao.

Kwa hiyo usiangalie jina la distro, angalia namba. Debian 11 na Ubuntu 20.04 zote 2.31. Ubuntu 22.04 ni 2.35, Debian 12 ni 2.36, Ubuntu 24.04 ni 2.39, Debian 13 ni 2.41. Soma kwa kupanda: deb ya Ubuntu 20.04 ina nafasi nzuri kwenye mashine zako, ya 22.04 ina nafasi kwenye Debian 12, ya 24.04 isubiri Debian 13. Nimesema nafasi, sijasema uhakika, maana libc ni mmoja tu wa wageni kwenye ile orodha ya Depends. Ukitaka kujua ya kwako piga ldd --version, mstari wa kwanza tu unatosha.

Kuhusu mtoto na mama, ndiyo, Ubuntu inatokana na Debian tangu ile 4.10 ya Oktoba 2004, wengine tuliletewa zile CD zake za bure kwa posta mpaka walipositisha 2011. Lakini mtoto huyu hazaliwi kwa mama unayemjua wewe. Kila miezi sita Ubuntu wanachota kutoka sid, lile jiko la Debian ambalo chakula bado kinapikwa, wanagandisha, wanarekebisha, wanatoa. Ndo maana ukifungua /etc/debian_version kwenye Ubuntu 22.04 utakuta bookworm/sid, na bookworm ni Debian 12 ambayo ilikuja kutoka miezi kumi na nne baadaye. Yaani mtoto ametangulia kuvaa nguo ambazo mama bado anashona. Wewe una Debian 11, huyo ni mama wa zamani zaidi.

Fanya hivi mama: rudi ulikoitoa programu, tafuta deb ya Debian 11, ukikosa chukua ya Ubuntu 20.04, na usitumie dpkg -i, tumia apt install ./jina-la-faili.deb, hiyo ./ usiisahau, apt inasoma karatasi ya mzigo na kukutafutia vinavyopungua, haikuachii nusu nusu. Usipopata zote mbili, mwanao akija likizo apande Debian 12, halafu 13 siku nyingine, ngazi moja moja bila kuruka.

Ila mtu asije akakushauri udaunlodi libc6 ya Ubuntu na kuilazimisha. Nilishafanya ujinga huo enzi najifunza, dpkg na --force-all, nikajiona mjanja kama sekunde mbili hivi. Nikaandika ls, erori. cp, erori. sudo, erori. Hata kuzima mashine kistaarabu ilikataa, nikashika kitufe.

SWALI: Habari mwalimu. Niko chuo hapa Eldoret, natumia Mint 21.3. Nimefuata maagizo ya Ubuntu ya kuweka Docker neno kwa neno, nikifika apt update inasema repository ... virginia Release does not have a Release file. Virginia ni nani na ameingiaje kwa laptop yangu? Rafiki yangu ako na Ubuntu na yake ilikubali.
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Virginia ni wewe, mdogo wangu. Mint kila toleo wanalipa jina la kike, 21.3 ndo Virginia, na ile amri uliyonakili ilikuwa inauliza mashine "jina lako la toleo nani" halafu inalibandika kwenye anwani ya repo, lile ghala la pakeji mtandaoni. Kwa rafiki yako ikajibiwa jammy, kwako ikajibiwa virginia, na huko repo hakuna folda ya virginia wala haitakuwepo, kuna jammy, noble na wenzao.

Mint 21 yote imejengwa juu ya Ubuntu 22.04 ambayo ndo jammy, na Mint 22 juu ya 24.04, noble. Pakeji nyingi za Mint zinatoka moja kwa moja kwenye repo za Ubuntu, Mint wanaongeza za kwao juu, kwa hiyo kati ya distro zote zinazodai undugu huyu ndo wa karibu kuliko wote, deb ya jammy ikifika kwako iko nyumbani. Piga cat /etc/os-release, chini utaona UBUNTU_CODENAME=jammy. Fungua faili la ile repo ndani ya /etc/apt/sources.list.d, pale penye virginia weka jammy, apt update tena.

Na nyinyi wa LMDE msichukue hili jibu! LMDE ni Mint iliyokaa juu ya Debian, LMDE 6 ni Debian 12, humo hakuna Ubuntu hata tone, na ile PPA, repo ya nyongeza ya Ubuntu, mnayoing'ang'ania imekompailiwa kwa matoleo ya Ubuntu. Nyinyi wa LMDE 6 repo yenu ni ya bookworm. Barua tatu mwezi huu, tatu nzima, mtu ana LMDE anaweka PPA.

Undugu wa Mint na Ubuntu nao una pahala unakatikia. Ukiomba chromium kwenye Ubuntu unapewa deb ambayo ndani haina kivinjari, ina maagizo ya kwenda kuleta snap, pakeji za aina nyingine za Ubuntu. Mint hawataki snap, wameweka kafaili kanaitwa nosnap.pref ka kuizuia na Chromium wanaikompaili wenyewe. Kivinjari kilekile, nyumba mbili, tabia mbili.

SWALI: Fundi hujambo? Ofisini kwetu Tanga tuna programu ya hesabu aliyotuandikia kijana mmoja 2019, hayupo tena nchini. Tulipotoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04 ikafa, inasema libssl.so.1.1: cannot open shared object file. Kijana wetu wa IT akatengeneza kiungo, libssl.so.3 ikaitwa libssl.so.1.1, sasa inasema version OPENSSL_1_1_0 not found. Mwisho wa mwezi unakaribia na mishahara iko humo.
Mhasibu, Tanga

JIBU: Sijambo dada. Kwanza mwambie kijana akatoe hicho kiungo leo leo, amembandika mtu beji ya mwenzie akategemea geti halitamtambua. Ubuntu 22.04 walitoka OpenSSL 1.1, laibrari ya usalama inayoleta hiyo libssl, wakaenda 3.0, na hizo mbili hazichangamani, si suala la jina la faili, ndani mihuri ni mingine kabisa.

Sasa habari njema. Hii laibrari jina la pakeji limebeba namba, libssl1.1 ni mtu mmoja na libssl3 ni mwingine, wanapanga vyumba viwili kwenye nyumba moja bila ugomvi. Tofauti na libc6 ya mama wa Mwanza ambayo jina ni moja miaka nenda rudi na chumba ni kimoja, akiingia mpya wa zamani anatoka. Kwa hiyo unaweza kuchukua libssl1.1 ya Ubuntu 20.04, ukaiweka kwa apt install ./, programu ikaamka na mishahara ikatoka. Karatasi yake ya mzigo inadai libc ya zamani kuliko uliyonayo, hapo hakuna kesi.

Ambacho sikufichi, waandishi wa OpenSSL waliacha kuitunza 1.1.1 Septemba 2023. Kwa programu inayokaa humo humo ofisini bila kugusa intaneti mimi ningefanya hivyo na kulala. Kama inatuma hesabu nje, ikae kwenye kontena, kachumba kaliotengwa ndani ya mashine, la Ubuntu 20.04 peke yake, ifungiwe huko mkitafuta mtu wa kuikompaili upya. Sosi kodi, yale maandishi ya mwandishi, mnayo? Kama hamna mwandikieni huyo kijana huko aliko, hiyo ndo kazi ya kwanza kabla ya yote, maana bila sosi kila baada ya miaka miwili mtaniandikia.

Na mkija kupanda 24.04 msishtuke mkiona libssl3t64, libasound2t64 na wenzao. Hizo t64 ni maandalizi ya tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo saa ya biti 32 inajaa, ilibidi laibrari kibao zikompailiwe upya na kupewa majina mapya. Kwa kompyuta zetu za kawaida za biti 64 libssl3t64 inaitika pia kwa jina la libssl3, hivyo deb ya 22.04 inayomuuliza libssl3 inajibiwa. Deb ya 24.04 ikishuka 22.04 inauliza libssl3t64 hakuna mtu wa jina hilo. Ni hadithi ileile ya kupanda na kushuka.

SWALI: Oya fundi, nimeongeza repo ya Kali kwenye Ubuntu yangu nipate tuls za hacking, nikafanya apt upgrade, sasa desktop haiji, kuna skrini nyeusi na kamstari kanachezacheza. Kali na Ubuntu si zote Debian?
Mtaalamu wa Baadaye, Morogoro

JIBU: Mtaalamu wa baadaye sana. Kali ni rolling, inatoka Debian testing, kila siku inasogea, wewe ulikuwa umekaa kwenye Ubuntu iliyogandishwa. Apt anachukua namba kubwa, ndo kazi yake, akaona Kali wana namba kubwa za kila kitu akaanza kubadilisha libc, systemd, driva, nguzo za nyumba moja moja huku mmekaa ndani. Debian wenyewe wana ukurasa mzima wa kuonya hii kitu, wanaiita FrankenDebian, na Kali nao kwenye maelezo yao wanakataza kuchanganya repo.

Kurudi nyuma kwa apt ni mateso, dpkg haikutengenezwa kushuka ngazi. Washa kwa flashi, nakili faili zako za shule, instoli upya. Nmap, wireshark, sqlmap, john, hydra, aircrack-ng zote ziko kwenye repo za Ubuntu hapohapo, ulikuwa nazo mlangoni. Ukitaka Kali kamili weka kwenye virtual machine au kontena. Na siku nyingine kabla ya kubonyeza Y soma ile orodha, ikikwambia itaondoa pakeji mia mbili hiyo si upgrade ndugu yangu.

SWALI: Salamu fundi. Ninasimamia seva tatu Nairobi, zote bado CentOS 7. Tumeamua kuhama. Rocky au Alma? Na programu moja nimeipata tu kwa rpm ya Fedora 40, itakubali? Tena seva moja ni kuukuu, tulinunua mtumba.
Msimamizi wa Seva, Nairobi

JIBU: CentOS 7 ilizikwa 30 Juni 2024, kwa hiyo mmechelewa kidogo, lakini mmeamua, asante. CentOS 8 yenyewe ilikatwa kabla ya siku zake, 31 Desemba 2021, na kutokana na hasira za pale ndo wakazaliwa hao wawili. Rocky wanalenga kuwa nakala ya RHEL, ile Linux ya Red Hat, mpaka na makosa yake. Alma, baada ya Red Hat kubana sosi kodi mwezi wa 6 mwaka 2023, walisema wao watalenga ulinganifu wa kuendesha programu, yaani kilichokompailiwa kwa RHEL 9 kikubali kwa Alma 9, ila wanaweza kurekebisha kosa kabla ya wenzao. Kwa kazi za kawaida za seva hutaona tofauti. Chagua unayependa nembo yake.

Kwenye ukoo huu mambo ni masafi kuliko kwa Debian na Ubuntu kwa sababu jina la rpm, ndo deb ya ukoo huu, linajitangaza, angalia mwishoni: el7, el8, el9, yaani RHEL 7, 8, 9. El9 ya Rocky, ya Alma, ya Oracle, zinaazimana. Ya Fedora inaandikwa fc40, na hapo ndo unakwama: Fedora 40 ina glibc 2.39, el9 ina 2.34. Utaona imeandika inadai libc.so.6 na GLIBC_2.38 au jirani yake. Usilazimishe kwa --nodeps, hiyo inanyamazisha mlinzi tu, mwizi yuko palepale. Angalia EPEL kwanza, ni repo ya watu wa Fedora haohao wanaokompaili pakeji zao kwa ajili ya el8 na el9, mara nyingi unachotafuta kipo.

Kuhusu seva ya mtumba, hili nimefurahi umelitaja maana wengi linawakuta usiku. El9 imekompailiwa kwa prosesa za kiwango cha x86-64-v2, na el10 ya 2025 ikapanda v3. Prosesa ikiwa chini ya hapo unapata mstari mmoja, Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2, na mashine inasimama hapo. Kabla hujahama piga lscpu, tafuta sse4_2 kwenye zile flags, ukiikosa hiyo seva haiendi el9. Ukitaka el10 tafuta avx2, na usipoiona kumbuka Alma 10 wametoa pia kopi ya v2. Hapo ndo ningesema Alma, kwa hiyo seva moja.

Za haraka haraka sasa, nafasi inaisha.

Aliyeuliza AppImage, ile programu ya faili moja, kugoma Ubuntu 22.04 kwa libfuse.so.2: instoli libfuse2, na kwenye 24.04 inaitwa libfuse2t64. Libfuse2, si fuse! Ukiweka pakeji ya fuse inaitoa fuse3 na inaweza kuondoka na vipande vya desktop yako.

Wa Flatpak wa Bujumbura: ndiyo, inakwepa kesi zote hizi, inakuja na laibrari zake, ndo maana MB zake zinatisha. Kama bando unalo, we nenda nayo.

Na mwalimu wa klabu ya kompyuta mwenye Raspberry Pi Zero, aliyeongeza repo ya Debian armhf akaanza kupata Illegal instruction: hapa jina limekudanganya mwalimu. Debian armhf imekompailiwa kwa prosesa za ARMv7, Raspberry Pi OS ya biti 32 nayo inajiita armhf lakini imeshushwa mpaka ARMv6, kizazi cha nyuma, ili Pi 1 na Zero zile za kwanza ziweze. dpkg --print-architecture itakujibu armhf kotekote, haitakusaidia. Piga uname -m, ukiona armv6l futa ule mstari wa Debian, halafu zile pakeji ulizoziweka kutoka huko zirudishie za Raspberry Pi OS moja moja, anza na ile inayolia.